Sauti Iliyokuwa Nyuma ya Maharage

Mtu mmoja alifunga blanketi lake akahama mji wa Kibondo kwa sababu ya sauti iliyopita redioni nyuma ya mahojiano ya maharage. Hakuhojiwa. Hakutajwa jina. Hakuna mtu wa redio aliyewahi kumwona uso. Kwetu alikuwa kelele za sokoni tu, zile tunazoweka chini ya maneno ya mkulima ili msikilizaji ajione yuko mahali fulani.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mkiwa na simu zinazorekodi vizuri kuliko mashine niliyoibeba begani miaka yangu ya mwanzo. Nimestaafu, naishi Kasulu. Kijana akija kuniuliza siri ya kuwa mwakilishi wa redio ya taifa huku mikoani, humjibu mambo mawili matatu ya maana, kisha najikuta nimerudi kwenye siku ile moja. Basi niiandike, labda nitatulia. Mke wangu hasadiki.

Nianze na sauti ya nyuma, maana ndiyo kiini. Aliyenifundisha ni fundi mitambo mmoja mkali, Mzee Lameki, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Alinitaka nifanye vitu viwili kila ninaporekodi. Kwanza, kabla ya kumwuliza mtu swali, niiambie mashine niko wapi na ni siku gani. Pili, mahojiano yakiisha, nisimame kimya na kuiacha mashine ikimbie, inywe sauti za mahali pale: kuku, upepo, watoto, mtu anayepasua kuni. Nilimwona kama mzee msumbufu. Siku nyingine nilikuwa Buhigwe narekodi kipindi cha mifugo, nimesimama kimya kama alivyoniagiza, mbuzi akaja taratibu akang'oa sponji ya maikrofoni na kuanza kuitafuna. Afisa mifugo akasema bila kucheka, "Huyo ana upungufu wa madini." Nilimpelekea Mzee Lameki sauti ile ya kutafuna. Akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Safi. Lakini hukutaja tarehe."

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Alfajiri hewani kulikuwa na kipindi cha wakulima, na ndani yake mahojiano niliyoyafanya na mama mmoja wa Buhigwe kuhusu maharage. Nilimrekodi juu kilimani kwenye upepo mkali. Maneno yake yalisikika vizuri, lakini katikati ya jibu na jibu kulikuwa na mvumo kama wa lori. Mtayarishaji wa kipindi, Halima, aliyekuwa studio Dar es Salaam, akafanya kile ambacho watayarishaji wote hufanya: akapunguza upepo wangu, akachukua sauti ya soko kutoka kwenye hifadhi ya sauti za zamani, akaitandika chini ya mahojiano. Mama anaongelea kuuza maharage, soko linavuma nyuma yake. Kipindi kikapendeza. Mimi nilikisikiliza nikinywa chai na sikugundua chochote.

Asubuhi hiyo nilikuwa na kibali cha kuingia kambi ya Nyarugusu kurekodi kipindi cha afya. Nimemaliza, nakunja nyaya, nikasikia mtu anakuja mbio. Mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ina unga wa ngano hadi viwikoni, kwapani kabana redio ndogo ambayo bado inaongea.

"Papa wa radio! Papa, nakuomba! Ule mutu wa asubuhi, uko naye wapi?"

"Mtu gani, mama?"

"Mwenye kulalamika nyuma ya ule mama wa maharage! Mwenye paraplui!"

Alikuwa Mama Riziki, muuza mandazi kambini, Mkongomani wa upande wa Fizi. Nilimkalisha kwenye benchi. Alikaa, akasimama, akakaa. Alinieleza kwamba baba yao alikuwa fundi wa miavuli, akizunguka vijijini akiita kwa wimbo wake mwenyewe: "Paraplui ya kuvunjika, muleteee, bamama, muleteee!" Sauti inapanda kwenye neno la mwisho kisha inakatika ghafla, kama mtu aliyejikwaa. Baba alikufa. Wimbo alimwachia kaka mkubwa peke yake, na ufundi. Siku ya kukimbia vita, walipotezana na kaka huyo njiani. Alihesabiwa kuwa amekufa. Walishamlilia.

"Na leo nakanda unga," alisema, "namusikia yaya yangu anaita watu chini ya maharage." Yaya, kwao, ni kaka au dada mkubwa.

Nilimwuliza maswali yetu yale, vijana, ambayo msiyaache hata moyo ukiwa umeguswa. Mafundi wengine hawaiti hivyo? Una hakika ni yeye, si mtu aliyejifunza kwake? Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Papa, wewe una mutoto?"

"Ninao."

"Akikohoa gizani, unaulizaka kitambulisho?"

Kisha akasema jambo lililonifanya nisimame na mimi. Keshokutwa asubuhi, magari yalikuwa yanakuja kuwachukua yeye na wanawe wawili, safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali. Alikuwa amesubiri miaka mingi jina lake litoke. Akipanda gari, harudi. Asipopanda, hakuna aliyeweza kumwahidi safari nyingine. Kwa hiyo alihitaji kujua kabla ya magari: ni kaka, au si kaka? Yuko hai, na yuko wapi?

Nilitoka kambini nikipiga simu huku natembea. Halima akapokea akiwa na haraka zake.

"Mzee wangu, shikamoo. Kuna nini tena, maharage yamekosewa?"

"Marahaba. Ile sauti ya soko uliyoweka alfajiri, umeitoa wapi?"

"Hifadhini. Kwani ina tatizo?"

"Imeandikwaje?"

Nikasikia anabofyabofya. Kisha akacheka kicheko cha aibu. "Imeandikwa, 'Soko, Kigoma. Nzuri.'"

Basi. Hakuna mji, hakuna mwaka, hakuna aliyerekodi. Mkoa mzima una masoko, na hifadhi ile ina sauti za tangu enzi za kanda. Mtu yule angeweza kuwa ameita jana au kabla Halima hajaanza shule. Nilimkumbuka Mzee Lameki na koti lake.

Nikamwambia Halima anitumie kipande kile peke yake, bila maharage. Nilikaa ndani ya gari, vioo juu, spika masikioni, nikakisikiliza tena na tena. Hili nalo mlijue: macho yakitafuta mtu hutazama mtu, lakini sikio likitafuta mtu lisikilize vilivyo pembeni. Nilimwacha fundi, nikasikiliza barabara. Gari kubwa linapita nyuma yake. Halirukiruki, halilii bodi. Linapita kwa mlio mmoja mrefu, kama kitambaa kinachochanwa. Hayo ni matairi juu ya lami. Nani kati yenu anakumbuka barabara yetu kabla ya lami? Gari likipita Kibondo ulisikia kila bolti. Kwa hiyo sauti ile ilirekodiwa baada ya lami kufika, na soko lilikuwa karibu na barabara kuu. Si ya zamani. Mtu yule alikuwa hai juzijuzi.

Nilitaka kurudi mbio kumwambia Mama Riziki. Kibali changu kilikuwa kimeisha. Nilimpigia kwenye simu ya jirani yake. Alipiga ukelele, halafu akauliza, "Sasa mutamuita kwenye radio?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mkimbizi haruhusiwi kukaa nje ya kambi bila kibali. Kama kaka huyo alikuwa anatengeneza miavuli kando ya lami, basi labda alikuwa anaishi kimyakimya kama watu wa hapa, na kulitangaza jina lake redio ya taifa, pamoja na mji, kungekuwa kumwonyesha kidole mbele ya nchi nzima. Ndiyo maana hata leo jina lake silitaji. Nilikuwa na sauti ya kufika kila nyumba, na mtu ambaye sikutakiwa kumtaja.

Nikaanza kugonga milango ya vipindi, kimoja baada ya kingine, kwa kadiri siku ilivyokuwa inasonga. Kipindi cha akina mama kilikuwa kinaanza. Mtangazaji akaniambia mgeni, daktari wa lishe, ameshakaa kwenye kiti, na mada ni uji. "Mzee, nitamwingizaje fundi wa miavuli kwenye uji?" Nikampigia mhariri wa taarifa ya habari ya mchana. Huyo mimi na yeye tumetaniana miaka.

"Haya, Mzee wa Kasulu. Jina la mtu?"

"Silitaji."

"Mahali?"

"Sipataji."

"Lini?"

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha wenzako nani, wapi, lini. Umestaafu kabla ya tarehe?"

Alikuwa na haki. Habari isiyo na nani, wapi wala lini si habari. Nilikata simu nikazunguka gari langu kama mtu aliyepoteza funguo. Kati ya simu na simu nilisikia redio yetu ikiendelea na siku yake: uji, bei za mazao, mchezo wa kuigiza wenye mama mkwe mwenye kelele, watoto wa shule wakijibu maswali ya sayansi. Nilikuwa nimeitumikia maisha yangu yote, na sasa niliiona kama nyumba yenye vyumba vingi na mimi sina pa kukaa.

Kikabaki kipindi cha salamu cha alasiri. Wengi wa rika langu hukidharau; wanasema ni kipindi cha watu wasio na kazi. Mtangazaji wake, Shabani, ana sauti ya mtu anayetabasamu hata akisoma orodha ya vijiji. Nilimweleza yote.

"Mzee, kwangu watu husalimiana kila siku bila mimi kujua wanamaanisha nini," alisema. "Niletee salamu. Sitauliza."

Nikampigia Mama Riziki tena kwa simu ya jirani. Nikamwambia asiseme jina lake, la kaka, wala la kambi. Aseme kitu ambacho kaka peke yake atakielewa. Alifikiri, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. Baba yao alipokuwa anarudi jioni, alisema, aliita wimbo wake akiwa bado mbali, na yeye na kaka wakamjibu kutoka uani. Akaimba vyote viwili ndani ya simu, nami nikarekodi. Sauti ya baba: "Paraplui ya kuvunjika, muleteee, bamama, muleteee!" Kisha sauti ya watoto: "Tunaleta, Papa, na njaa pia!"

Niliiambia mashine mahali na tarehe, kisha nikakikata kipande hicho kisiende hewani. Salamu iliyobaki nikamtumia Shabani.

Aliipiga katikati ya salamu za kawaida. "Hii imetoka kwa dada kwenda kwa kaka yake," alisema. "Hataki kujitaja. Kaka, ukisikia, dada anakusikia." Halafu akaendelea na mtu wa Nzega anayemsalimia shemeji yake. Dakika si nyingi simu zikaanza kuingia studio, lakini hazikuwa tulizozitaka. Watu waliipenda. Mzee mmoja wa Tabora aliomba irudiwe, akisema mke wake amecheka hadi ameshika mbavu. Kijana wa Mbeya akataka kujua ni tangazo la kampuni gani ya miavuli. Shabani, akijua anachofanya, akasema, "Kwa maombi ya wasikilizaji," akairudia.

Mama Riziki alinipigia akiwa amekasirika. "Wanacheka nini? Papa yangu si wa kuchekwa!"

"Waache wacheke, mama. Kicheko chao ndicho kimeirudisha hewani."

"Na yeye amesikia?"

Sikujua. Nilimwambia sijui. Neno hilo nalo ni la kazi, zoeeni kulitamka.

Jioni kulikuwa na mjadala wa wasikilizaji kwa simu, mada ni maji vijijini. Nilikuwa nyumbani, chakula mbele yangu kimepoa, sikio kwenye redio. Mtangazaji akapokea simu. "Karibu msikilizaji, uko wapi?" Hakuna jibu. Nyuma ya ukimya ule kulikuwa na mvua nzito juu ya bati. "Msikilizaji, tunakusikia, endelea." Mtu akavuta pumzi. Kisha laini ikakatika. Mtangazaji akalaumu mtandao, akaendelea na maji.

Mtu wa maji hangepiga simu ili avute pumzi tu. Nilisimama wima, nikatoka nje. Kasulu nyota zilikuwa zinaonekana, hakuna hata wingu. Nikaanza kupiga simu kama mwendawazimu. Rafiki wa Buhigwe: kukavu. Jirani wa Mama Riziki: kukavu, vumbi tupu. Mwalimu mmoja wa Kakonko: manyunyu, hayapigi bati. Mwuguzi wa Kibondo, hata kabla sijamaliza salamu, ilinibidi niondoe simu sikioni. Mvua ilikuwa inapiga pale kama mawe. Najua, mvua hunyesha mahali pengi Tanzania, na mwenye simu ile angeweza kuwa Songea. Lakini nilikuwa na lami, na sasa nilikuwa na bati. Halima akajaribu namba ile iliyopiga. Ilikuwa haipatikani, na haijapatikana tangu hapo.

Asubuhi nilikuwa njiani kwenda Kibondo. Iliyobaki ni siku hiyo moja kabla ya magari. Nilizunguka upande wa soko unaopakana na barabara kuu nikiwa na mwavuli wangu, mbavu nimezikunja kwa makusudi, nikiuliza fundi. Muuza ndizi akanielekeza kwa duka la vyombo la mtu anayeitwa Kabura. Alikuwa anafagia maji ya mvua barazani.

"Mwidiwe," nikamwamkia kwa Kiha.

"Ego, mzee. Huo mbona umeuvunja mwenyewe?" Alikuwa ameushika mwavuli wangu na kuutazama mara moja tu.

Nikajua huyu amekaa karibu na fundi. "Namtafuta wa kuutengeneza."

Kabura aliacha kufagia. "Umechelewa. Alikuwa anakaa hapa, barazani kwangu, kila siku. Mtu mpole, mwenye kuita kama anaimba. Jana alasiri tulikuwa tunasikiliza redio humu ndani, ya salamu. Ikapita ile ya miavuli, wote tukacheka, tukamwambia, 'Wewe, wamekuiga!' Yeye hakucheka. Alikaa chini pale, kwenye hayo magunia. Jioni mvua ilipoanza aliomba simu ya mpita njia mmoja aliyejikinga hapa, akatoka nayo nje chini ya bati. Alfajiri nafungua duka, blanketi lake halipo."

"Ameenda wapi?"

"Nani anajua? Mwenye boda anasema alimwona anapanda gari la Kasulu. Muuza chai anasema hapana, lilikuwa la Kakonko." Akanitazama vizuri. "Mzee, wewe ni nani wake? Si mtu wa serikali?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa redio. Uso wake ukakunjamana. "Basi ni ninyi," alisema.

Gari la Kasulu, njia ya kambini, lingekuwa kumfuata dada. Gari la Kakonko lingekuwa kukimbia watu waliomwita hadharani. Tuliita kwa namna ambayo yeye peke yake angeelewa, na hakuna njia ya kujua alielewa nini: dada, au mtego.

Nilimpigia Mama Riziki nikiwa pale pale barazani, nikamsomea yote niliyoyajua na yote nisiyoyajua, bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Papa, ungekuwa wewe, ungepanda?"

Nilimwambia swali hilo si la mtu wa redio. Alinitukana kidogo, kwa Kifaransa, na nilistahili. Siku iliyofuata magari yalipofika, aliwaambia wenye orodha kwamba wanawe wana homa. Hawakuwa na homa. Magari yaliondoka. Safari nyingine haijatangazwa hadi ninapoandika haya, na Mama Riziki bado anakanda unga kambini na redio kwapani. Siku za mvua hunipigia, husema tu, "Papa, huku inanyesha," na mimi humjibu kama Kasulu inanyesha au la.

Halima sasa huandika mji, siku na jina la aliyerekodi kwenye kila sauti. Hilo ni faida yenu, vijana, lichukueni.

Mimi nilibaki na kitu kimoja ambacho siwezi kukiandika kama habari. Kabla sijaondoka Kibondo, Kabura alinionyesha ndani ya duka. Miavuli ya wateja ilikuwa imepangwa ukutani, yote imeshatengenezwa, spoku za baiskeli alizozigeuza mbavu mpya zimefungwa vizuri. Juu yake, kwenye msumari, plaizi. Plaizi ya kazi, mpini wake umezungushiwa mpira mwekundu wa tairi.

"Amechukua blanketi," Kabura alisema. "Hii ameiacha. Fundi anayekimbia anaacha plaizi?"

Nilimwuliza yeye anaonaje. Alipandisha mabega.

Nilimpigia Kabura juzi. Plaizi bado ipo msumarini.